Ukoko

Kila Jumatatu, bafu linapofungwa kwa wageni,
nafungua bomba la nyuma kwa spana ya kaka yangu
na kukwangua.
Maji ya mgodi hutufikia yangali na nyuzi sitini na mbili,
yamesukumwa na pampu kutoka chini ya mashimo ya dhahabu,
na njiani huacha ngozi:
tabaka jeupe, tabaka la kijivu, jeupe tena,
jembamba kama kucha.
Nisipokwangua, bomba la ngumi huwa bomba la kidole.

"Ni ukoko," nilimwambia Shigenori.
Akacheka ndani ya mvuke, maji yamemfika kidevuni.
Miaka thelathini na moja aliyavuta maji hayo
ili wenzake wachimbe bila kuiva.
"Umesema kweli bila kusoma," akajibu.
"Hata dhahabu yenyewe ni ukoko."

Usidhani, anasema, moto ndio ulioizaa.
Moto ni mpishi, huchochea tu.
Chini ya mashamba yetu ya mpunga, chini ya makaburi ya akina Uemura,
zaha ilipanda zamani, ikachoka njiani,
haikufika juu kama dada yake Sakurajima
anayetumwagia majivu kwenye nguo zilizoanikwa.
Ililala huko, ikipoa bila haraka.
Mvua ikanyesha, mvua hii hii ya Juni,
ikapenya nyufa, ikashuka hadi ikalikuta lile joto,
ikageuka, ikarudi juu
imebeba.

Imebeba nini?
Chembe. Robo ya chembe.
Tani nzima ya mwamba haikutoi hata unyusi wa mtoto.
Na dhahabu haisafiri peke yake:
hushikwa mkono na salfa, ile inukayo mayai viza,
wawili wakapita gizani kama wachumba wanaotoroka.
Kisha ufa unapanuka,
uzito wa juu unapungua ghafla,
maji yanatokota kama sufuria iliyofunuliwa,
mvuke unaruka, salfa inaruka nao,
na dhahabu inabaki ukutani
haina wa kuishika.

Halafu tetemeko. Ufa tena. Chemko tena.
Ukoko juu ya ukoko.
"Kwa miaka mingapi?"
Anatoa mkono majini, anahesabu vidole, anaghairi.

Watu huonywa wasiamini kila king'aacho.
Ya huko chini haing'ai kabisa:
ni mstari mweusi ndani ya jiwe jeupe,
wanja uliopakwa bila kioo.
"Nimeigusa ujana wangu wote," asema Shigenori,
"sijapata kuiona."

Sikumwambia kwamba mwaka jana
nilifunga kipande cha bomba katika leso
nikampelekea binti wa Uemura, anayepima mawe maabara.
Nilikuwa na deni la paa.
Jibu lilikuja katika bahasha ya kahawia:
Silika. Chokaa kidogo.
Dhahabu: hakuna ya kupimika.

Nikakaa jikoni na bahasha ile.
Nikamkumbuka mama akikwangua chungu cha wali kwa mwiko,
akimimina maji moto juu ya ukoko,
akimpa kaka kipande kikubwa
kwa kuwa ndiye aliyelia zaidi.
Nasi tulidhani huo ndio utamu wa chungu,
ule ulioungua ukagoma kutoka.

Maji yanayotufikia yamekwisha kuutua mzigo.
Yamebaki na joto,
na joto, nikifikiri vizuri,
ndilo lililotangulia.

Jioni hii Shigenori anatoka bafuni
mwekundu kama kaa aliyechemshwa,
magoti yake kwa mara moja hayalalamiki.
"Umekuta nini bombani leo?"
"Cha kukwangua," nasema,
namrushia taulo.